"Nipe bloku ya 125": jina la tangi halikuletei spea

Jana kijana wa bodaboda katoka Marafa mpaka dukani kwangu hapa Malindi, akasema, "Nipe bloku ya 125," yaani ile silinda ya injini ambamo pistoni hupanda na kushuka. Ya injini gani? Akanitajia jina lililobandikwa kwenye tangi. Wiki hii ni wa tatu. Wawili waliomtangulia walishanunua kwingine kwa jina hilohilo, kitu kikakataa kuingia.

Jamani, jina la tangi na cc, yaani ukubwa wa injini kama hiyo 125, havitoshi kununulia spea. Pikipiki nyingi za Kichina za bei nafuu zina injini iliyoigwa kutoka Honda CG125 ya miaka ya 1970. Kwa hiyo majina matano tofauti yaweza kubeba injini ile ile, na spea zikaingiliana vizuri kabisa. Anayelalamika kwamba pikipiki yake "haina spea" mara nyingi anazo mbele ya macho, ila anauliza stika. Na jina moja nalo laweza kuwa na injini mbili zisizohusiana.

Chuchumaa, futa matope kwenye kasha la chini la injini, kwa kawaida upande wa kushoto, usome namba. Tuseme 156FMI. 1 ni silinda moja, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F inapozwa kwa hewa, M ni ya pikipiki, I ni daraja la 125. Ukikuta 162FMJ, kipenyo ni 62 na injini ni 150. Piga picha, njoo nayo.

Bado moja: ni ya rodi au ya taiming cheni? CG husukuma valvu kwa rodi kutoka chini. CB, muundo mwingine wa Honda, ina kemshafti (shafti inayofungua valvu) juu kwenye hedi, inazungushwa na cheni. Zote mbili zaweza kuandikwa 162FMJ, na hedi ya hii haikai kwenye ile. Aliyewahi kukufungulia injini anajua, muulize kabla hujapanda matatu. Na kama bloku ilishachongwa ndani ikapanuliwa, pistoni si STD tena, yaani si saizi ya kiwandani. Kichwani mwake pamepigwa 25, 50, 75 au 100, yaani imeongezwa robo milimita, nusu, robo tatu au milimita nzima. Ringi lazima ziwe za saizi hiyo hiyo. Mimi naomba kitu kimoja tu: leta pistoni ya zamani mkononi, hata ikiwa imepasuka.

Boxer na TVS ni za India, injini zake ni nyingine kabisa. Usilazimishe.

"Oili ya gari ni sawa tu." Si sawa. Klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini, na oili nyingi nyepesi za magari ya kisasa huifanya iteleze. Tafuta maandishi JASO MA kwenye chupa, alama ya oili inayofaa klachi ya namna hiyo.

"Cheni ikiisha nabadilisha cheni peke yake." Meno ya sproketi yaliyochongoka huila cheni mpya upesi, hasa huku kwetu kwenye mchanga na chumvi ya bahari. Nunua seti, na uhesabu meno ya mbele na ya nyuma kabla ya kuja. Fundi akifunga klipu ya cheni, mdomo wake uangalie nyuma, kinyume na cheni inakokwenda. Ukiangalia mbele, ikigusa kitu inachomoka njiani.