Gari la Zamani Ndilo Chuma?

Kila muhula tunapoanza somo la bodi, hapa chuoni kwetu Tanga, nampa mwanafunzi mmoja sumaku iliyong'olewa kwenye spika mbovu aibandike kwenye madigadi ya Land Rover 109 ya zamani tunayofundishia. Inadondoka. Anajaribu mlangoni, inadondoka tena. Darasa zima kicheko, maana wamekua wakiambiwa magari ya zamani ndiyo yalikuwa chuma.

Bodi ya Land Rover hizo kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, ambayo sumaku haiishiki. Zilipoanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Sisi watu wa pwani tumefaidika, kwa kuwa chumvi ya bahari haiili aluminiamu kama inavyokula bati. Ila chasisi, ile fremu ya chini inayobeba bodi, ni chuma, na ndiko ugonjwa uliko. Ukienda kununua 109 usihangaike na rangi. Ingia uvunguni na nyundo ndogo, ugonge chasisi kuanzia nyuma, pale springi zinaposhikiwa. Ikilia kwa mlio mkali, nzima. Ikijibu kwa mlio mzito, kama unagonga debe lenye matope, kutu imeshakula kwa ndani hata kama juu imepakwa rangi jana.

Toyota IST haina chasisi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo hubeba kila kitu, na pua yake imeundwa ikunjike. Watu wakiiona imegongwa husema "mkebe huo". Lakini kule kukunjika ndiko kunakomeza nguvu ya ajali kabla haijamfikia dereva. Mwaka 2009 IIHS, taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja ikienda kilometa 64 kwa saa. Bel Air, pandikizi la gari, haikuwa na mkanda wala eabegi, na sehemu ya dereva ilibomoka. Mdoli wa majaribio aliyekuwa kwenye Malibu alionyesha dalili za kuumia mguu tu.

Kwenye matengenezo, nakiri, mzee ana raha yake. Land Rover ya petroli ikikuzimikia Pongwe, unafungua kifuniko cha distribiuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, unasugua platini, yaani swichi ndogo iliyomo ndani yake, kwa msasa, unaacha nafasi ya milimita 0.4 hivi, safari inaendelea. IST inakuwashia taa ya injini, halafu inataka mashine ya kusoma kodi, yaani namba ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari. Hapo ndipo wengi wanapoliwa, kwa sababu kodi si jina la spea. P0171, kwa mfano, inasema tu kwamba hewa imezidi mafuta. Imeingilia wapi, utafute mwenyewe. Mteja mmoja alitufikia akiwa ameshauziwa sensa mbili mpya za oksijeni na taa bado inawaka. Tulipopapasa mpira wa kuingizia hewa, kwa upande wa chini usioonekana, tukakuta ufa usiozidi ukucha.