Technicolor ya rangi mbili ni nini?

Ni njia ya kutengeneza sinema ya rangi kwa nyekundu na kijani peke yake. Ilivuma Marekani miaka ya 1920.

Kamera yake ina prizimu nyuma ya lenzi. Mwanga ukiingia unagawanyika: sehemu inapita kwenye chujio chekundu, sehemu kwenye cha kijani, na picha mbili zinapigwa kwa mpigo mmoja, moja ikiwa kichwa chini miguu juu. Kanda yenyewe ni ya nyeusi na nyeupe; rangi inatiwa maabara. Mwanzoni, kama kwenye The Toll of the Sea ya 1922, zilichapwa kanda mbili nyembamba, moja ikatiwa nyekundu ya kuelekea chungwa, nyingine kijani cha kuelekea buluu, halafu zikagundishwa mgongo kwa mgongo. Balaa likaanza ukumbini: joto la taa ya projekta liliibinua kanda, na picha ikawa ukungu mtupu. Mwaka 1928 gundi ikaachwa, rangi zote mbili zikawa zinagongwa kwenye kanda moja, kama muhuri.

Herbert Kalmus, mkuu wa Technicolor, alitaka studio zione kwamba kazi hii inawezekana. Kampuni yake ikatengeneza filamu fupi za historia, mfululizo wa Great Events. Mojawapo ni Manchu Love ya 1929. Wamanchu ndio wenye nasaba ya Qing, iliyotawala China hadi 1912.

Kwa macho yangu, kuchagua hadithi ya Wamanchu kwa rangi mbili ni kujitafutia taabu. Nguzo nyekundu za kasri, sawa. Vito vya kijani, sawa kabisa. Lakini rangi ya ufalme wa China ni manjano: vigae vya paa la kasri la Beijing ni vya manjano, na manjano iliyokoza ilikuwa vazi la mfalme na watu wachache wa nyumba yake. Rangi mbili haziwezi kuitoa ikiwa safi. Joho la mfalme litaangukia kwenye chungwa iliyopauka, ile ya chai ya maziwa.

Sababu ni hii: ukichapa filamu, wino wa manjano unaongozwa na picha iliyopigwa kupitia chujio cha buluu, na picha hiyo haikuwepo. Iliongezwa 1932, na waliotangulia kuitumia walikuwa wachora katuni.