John Newton hakuwahi kuisikia tuni mnayoimba

Wiki iliyopita, kabla hatujaanza mazoezi, mwanakwaya mmoja alisimama kuwasimulia wenzake asili ya wimbo wa "Amazing Grace". Dhoruba iliipiga meli ya John Newton, Mwingereza aliyeandika maneno ya wimbo huo, akaokoka papo hapo, akaiacha biashara ya watumwa, kisha akaandika wimbo kwa tuni aliyowasikia watumwa wakiiimba chini kwenye ngama. Wawili watatu walifuta machozi. Nimeisikia hadithi hii mara nyingi mno katika miaka yangu ya kufundisha kwaya, na kila mara naumia, maana kilichotokea kweli kina uzito zaidi.

Dhoruba ilikuwepo, Machi 1748, katika meli iliyoitwa Greyhound. Meli hiyo ilikuwa imebeba nta, pembe za ndovu na magogo, si watumwa. Newton mwenyewe alihesabu siku ile kuwa mwanzo wa kumrudia Mungu. Lakini ni baada ya hapo ndipo alipopanda cheo akawa nahodha wa meli za watumwa, akaenda safari tatu. Ubaharia aliuacha mwaka 1754, na kilichomtoa ni ugonjwa. Alipata upadri mwaka 1764, akahudumu Olney, Uingereza, na wimbo wenyewe ulitumika mara ya kwanza kwenye ibada ya tarehe 1 Januari 1773, ukifuatana na mahubiri ya 1 Nyakati 17, pale Daudi anapoketi mbele za Bwana na kuuliza, mimi ni nani? Karibu miaka 25 tangu dhoruba! Na maandishi yake ya kukiri hadharani ubaya wa biashara ile yalitoka mwaka 1788. Miaka 40 kamili. Dhamiri ya mtu huyu ilichelewa kuamka, naye alikiri hivyo mwenyewe. Tunapoufuta ucheleweshaji huo ili hadithi iwe tamu, tunamwibia toba yake.

Sasa tuni. Kitabu cha nyimbo cha Newton na rafiki yake William Cowper, kilichochapishwa 1779, kilikuwa na maneno matupu, hakuna hata nota moja. Newton alifariki Desemba 1807. Tuni mnayoijua, inayoitwa New Britain, iliunganishwa na maneno hayo mwaka 1835 na William Walker, Mmarekani wa South Carolina. Hesabuni wenyewe: miaka 28 marehemu yuko kaburini. Hata ule ubeti wa mwisho wa Kiingereza, unaotaja miaka elfu kumi, si wa Newton.

Watu huniuliza, maneno yaliimbwaje kabla ya tuni? Yaliimbwa kwa tuni nyingine yoyote iliyolingana nayo. Sisi tuliosoma ushairi tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili, kwa kuwa tunajua mizani, yaani hesabu ya silabi katika kila mstari. Ubeti wa Newton kwa Kiingereza una mizani 8, 6, 8, 6. Vitabu vya zamani huandika namba hizo juu ya wimbo, na karibu kila mtu hupita bila kuziangalia. Jioni ile niliwaomba wanakwaya waimbe maneno ya Newton kwa tuni ya St. Anne, ile ya wimbo wa Isaac Watts uliotokana na Zaburi ya 90. Besi walisita mstari wa kwanza, wa pili wakashika, na kufikia ubeti wa tatu chumba kizima kilikuwa kinaimba kwa nguvu. Yakaingia yote, silabi kwa silabi. Tangu hapo nawaambia: kabla ya kufungua kinywa, soma majina mawili yaliyo juu ya ukurasa. Moja ni la mwenye maneno, la pili ni la mwenye tuni, na mara nyingi hawa wawili hawakuonana.

Fanny Crosby, mwandishi kipofu wa nyimbo za Kikristo huko Marekani, naye hupewa tuni zisizo zake. Aliacha maneno ya nyimbo zaidi ya 8,000, lakini "Blessed Assurance" ilianzia kwa Phoebe Knapp, aliyempigia tuni mwaka 1873 na kumuuliza inamwambia nini. Hapo tuni ilitangulia maneno. Wala hakuzaliwa kipofu. Alipoteza kuona akiwa mtoto mchanga.

Husemwa pia kuwa Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa wa Ujerumani, alichukua tuni za vilabu vya pombe ("bar"). Hakuchukua. "Bar" katika habari za nyimbo za Kijerumani ni jina la muundo wa ubeti, si mahali pa kunywea. Na panya wanaosimuliwa kuwa waliharibu kinanda cha kanisa ndipo "Silent Night" ikazaliwa? Franz Gruber, mwenye tuni, aliandika mwenyewe jinsi wimbo ulivyotokea, na panya hawamo. Maneno ya Joseph Mohr yalikuwepo tangu 1816. Tuni ilikuja mkesha wa Krismasi wa 1818.

Wapo waliotunga vyote viwili. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga tuni na maneno ya "Nkosi Sikelel' iAfrika" mwaka 1897, ukiwa wimbo wa kanisa. Lakini hata huyo, maneno aliyoyaacha ni ubeti wa kwanza na kiitikio. Beti saba zilizofuata aliziongeza mshairi Samuel Mqhayi, zikachapishwa 1927, Sontonga akiwa amefariki tangu 1905.