Kisima kikiingia petroli: je, ardhi itajisafisha?

Kisima chetu kipo Paje, mashariki ya Unguja. Tangu pipa la petroli la jirani lilipovuja, maji yananuka. Mzee mmoja katwambia tuache tu, ardhi itajisafisha. Kweli?

Mzee hakusema uongo, ila kwa maji ya kunywa msimtegemee. Udongoni mna bakteria wanaokula mafuta. Wakipata oksijeni hula upesi. Ikiisha, badala yake hutumia naitreti (chumvi yenye nitrojeni), chuma na salfeti zilizomo ardhini, kwa mwendo wa kinyonga. Mafuta mengine huvukia hewani au hunata kwenye chembe za udongo. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, baadhi ya fukwe zilitiwa mbolea makusudi, ili bakteria hao wapate nitrojeni waongezeke.

Lakini Paje ni uwanda, yaani ardhi ya mawe. Udongo ni kiganja kimoja, chini yake jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango. Petroli hushuka hadi kwenye maji kabla bakteria hawajaigusa. Kwenye kinongo, udongo wenye kina kirefu wa magharibi ya Unguja, hali ni nafuu kidogo, na hata huko kazi hii huchukua miaka.

Tukiyachemsha?

Msichemshe. Petroli ina benzeni, inayosababisha saratani ya damu. Ukichemsha, sehemu yake huruka na mvuke, na anayeivuta ni mpishi. Klorini nayo ni dawa ya vijidudu, petroli haiiwezi. Wala msipime kwa pua: Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha benzeni kuwa miligramu 0.01 kwa lita, kiasi ambacho hakuna pua inayokinusa.

Na maji ya choo cha shimo?

Vijidudu vingi hufa au hunaswa vikipita kwenye udongo mzito. Umbali wa mita 30 kati ya choo na kisima hutajwa sana, lakini kwenye uwanda ufa mmoja unatosha kuuvunja. Naitreti ya chooni haiondoki kwa kuchemsha; maji yakipungua sufuriani, yenyewe huzidi makali. Ikipita miligramu 50 kwa lita, mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo anaweza kugeuka rangi ya buluu kwa kukosa oksijeni. Huyo apelekwe hospitali mara moja.

Betri mbovu zilizotupwa shambani?

Risasi, metali iliyomo betrini, hailiwi na bakteria yeyote. Ipo mimea inayofyonza metali, ila mmea huo nao unakuwa taka: mbuzi asiule.

Basi tufanye nini?

Zuieni kwanza kinachovuja. Udongo uliolowa uchimbwe, ufunikwe turubai, usimwagwe kwenye pango. Acheni kunywa, kupikia na hata kuogea maji hayo. Mwambieni sheha, muiarifu Mamlaka ya Maji (ZAWA), na muulizie kipimo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kipimo kimoja hakitoshi; mvua za masika huweza kuyasukuma upya mafuta yaliyonasa juu, kwa hiyo pimeni tena zikishapita.