Kifo cha ghafla: yanayosemwa msibani na yaliyo kweli

Aliyeuguza hupata nafasi ya kuaga, hata ikiwa finyu. Aliyepigiwa simu hakuipata. Asubuhi mliagana kama siku zote, jioni unaulizwa kama wewe ndiye ndugu wa karibu. Ni katika saa hizo hizo ushauri unaanza kumiminika kutoka kila upande, mwingi wa nia njema, na baadhi yake humfanya mfiwa asitafute msaada anaouhitaji.

"Mbona halii? Labda hakumpenda."

Ni ganzi. Habari imefika masikioni, haijafika moyoni. Wapo wanaopanga mazishi, wanaohesabu viti na kupokea wageni, kisha wiki kadhaa baadaye wanaangua kilio kwa kuona kiatu nyuma ya mlango. Aliyekauka macho anahitaji kukaliwa karibu sawa na anayelia. Na kifua kikimbana, asiambiwe "ni uchungu tu". Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali iitwayo takotsubo, ambapo misuli ya moyo hudhoofika ghafla, mara nyingi baada ya mshtuko mkubwa, na dalili zake hufanana na shambulio la moyo. Wengi hupona, lakini hospitali ndiyo ya kuamua.

"Huzuni ina hatua tano, utazipitia zote."

Hili limewaumiza wengi. Hatua hizo, yaani kukana, hasira, kutaka mapatano, sonona na kukubali, zilitoka katika kitabu cha daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross cha mwaka 1969, naye alikuwa amezungumza na wagonjwa waliokuwa wakikikabili kifo chao wenyewe. Hawakuwa wafiwa. Anayeshika orodha hiyo kama ratiba hucheka wiki ya tatu akadhani amevuka, akazidiwa mwezi wa tano akadhani amerudi nyuma. Hajarudi popote. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi: leo yumo ndani ya uchungu, kesho anashughulika na kodi ya nyumba na shule ya watoto. Kuiweka huzuni kando kwa muda ni sehemu ya kuomboleza, si usaliti kwa marehemu.

"Mpelekeni kwa mshauri haraka, na apewe dawa alale."

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wafiwa wasio na ugonjwa wa akili wasipewe tiba rasmi ya kisaikolojia kwa jumla jumla, na wasipewe dawa za kutuliza za kundi la benzodiazepini kwa sababu ya msiba. Siku za mwanzo kinachosaidia ni kidogo na kizito: mtu wa kufuatana naye chumba cha maiti, wa kupokea simu, wa kukumbuka maswali ya polisi na majibu yake. Asilazimishwe kusimulia ilivyotokea. Akitaka kusimulia mara ya kumi, msikilize mara ya kumi.

"Kikundi cha wafiwa ni kuongezeana majonzi."

Mwaka 1967 mjini Boston, Marekani, mtafiti Phyllis Silverman alianzisha mpango wa wajane kuwatembelea wajane wapya. Aliyelala kwenye kitanda kilichobaki nusu tupu anajua lisilojulikana na mtaalamu mwenye shahada tatu. Naamini kikundi kizuri ni kile chenye waliofiwa kwa namna inayokaribia yako, maana aliyefiwa na mtu aliyejiua hubeba maswali na aibu ambayo wengine hawaijui. Uliza nani anaongoza, na kama unaruhusiwa kukaa kimya. Ukihudhuria mara kadhaa na kila mara unatoka umevunjika zaidi, tafuta kingine. Kosa si lako.

"Muda utaponya."

Kwa wengi uchungu hulegea, lakini si kwa wote, na vifo vya ghafla au vya ukatili huongeza hatari. Orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inautambua ugonjwa wa huzuni ya msiba isiyolegea: baada ya miezi sita au zaidi, kwa kiasi kinachopita mazoea ya jamii yake, mtu bado amezama katika kumtamani marehemu hata maisha yake yamekwama. Ugonjwa huo una tiba yake ya mazungumzo, tofauti na ya sonona. Ila miezi sita isiwe kisingizio cha kungoja. Asiyelala pasipo pombe, anayeona picha ya ajali kila afumbapo macho, aende mapema. Anayesema anataka kumfuata marehemu apelekwe siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.

Watoto nao waambiwe "amekufa". Mtoto aliyeambiwa baba amelala anaweza kuogopa kulala.

"Usimtaje, utamtonesha kidonda."

Ukinyamaza, hajasahau, anabaki kumkumbuka peke yake. Taja jina, simulia ulilolijua wewe. Na usimwachie kazi ya kuomba kwa kumwambia "ukihitaji chochote niambie". Mwezi wa nne, simu zilipokwisha kunyamaza, mwambie: "Alhamisi nakuja. Nitakaa na watoto, wewe ulale."