Je, wajua kwa nini kutokuwa na akaunti mtandaoni hakukufichi, na huenda kukakukosesha kazi?

Watu wengi huuliza kama mwombaji kazi awe kwenye mitandao ya kijamii au ajitoe kabisa, kana kwamba mwajiri huingia humo kwa sababu moja. Anaingia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kumtafuta mtu: nafasi ipo, wa kuijaza hajapatikana. Ya pili ni kumchunguza mtu ambaye jina lake limeshafika mezani. Asiyekuwepo mtandaoni huumia sana katika ile ya kwanza, na mara nyingi huumia kidogo tu katika ya pili.

Tuanze na kutafuta. Afisa ajira anayetumia LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, hasomi kurasa za watu mmoja mmoja. Anajaza vichujio: cheo, ujuzi, mahali, miaka ya uzoefu. Kinachomjia ni orodha ndefu ya picha ndogo, majina, na mstari mmoja chini ya kila jina. Mstari huo una nafasi ya herufi 220, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Anayeandika "Mchapakazi anayetafuta fursa" hapatikani kirahisi, kwa kuwa hakuna mwajiri anayetafuta neno "fursa". Wanatafuta "mhasibu", "fundi umeme wa viwandani", "muuguzi wa wodi ya wazazi". Kwa hiyo andika cheo kama kinavyoandikwa kwenye matangazo ya kazi unazozitaka, kisha programu au mashine unazozimudu, kisha aina ya sehemu ulizofanyia kazi. Kama matangazo ya fani yako hutoka kwa lugha mbili, weka cheo kwa lugha zote mbili.

Faida nyingine ya kuwepo inatokana na watu unaofahamiana nao kijuujuu. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alieleza kwamba habari za kazi mpya mara nyingi hutoka kwa watu hao kuliko kwa marafiki wa karibu, kwa sababu rafiki wa karibu anajua yale yale unayoyajua wewe. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa LinkedIn kwa miaka 5, yakihusisha watu zaidi ya milioni 20 ambao mapendekezo yao ya "watu unaoweza kuwafahamu" yalibadilishwa kwa makusudi. Waliosaidia zaidi mtu kuhamia kazi mpya walikuwa wale wa uhusiano hafifu kiasi: si mgeni kabisa, si mwandani. Asiye na akaunti hupoteza kundi hilo hasa, kwani ndugu na marafiki wa karibu anao tayari.

Kumchunguza mtu ni jambo jingine, na hapa waajiri wengi hujidanganya. Utafiti wa Chad Van Iddekinge na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, uliwapa maafisa ajira kurasa za Facebook za wanafunzi waliokuwa wakikaribia kuhitimu, wakazipa alama. Baadaye wasimamizi wa wahitimu hao kazini waliulizwa wanavyofanya kazi. Alama zile hazikuendana na utendaji kazini. Zilichoonyesha ni upendeleo: wanawake na Wazungu walipewa alama za juu zaidi.

Sababu yake inaeleweka. Ukurasa binafsi unamwonyesha mwajiri kile ambacho katika nchi nyingi haruhusiwi kukitumia katika kuajiri: dini, ujauzito, ugonjwa, siasa. Akishakiona, hawezi kujifanya hajakiona. Alessandro Acquisti na Christina Fong walituma maombi kwa waajiri zaidi ya 4,000 nchini Marekani, huku dini ya mwombaji ikionekana kwenye ukurasa wake wa mtandaoni tu. Kwa nchi nzima tofauti haikuwa kubwa, lakini katika maeneo yanayopigia kura chama cha Republican, mwombaji Mwislamu aliitwa kwenye usaili mara chache kuliko Mkristo mwenye sifa zile zile. Kampuni inayotaka kutenda haki humpa kazi ya kuchunguza kurasa mtu asiye mwamuzi, baada ya usaili, kwa kipimo kimoja kwa waombaji wote, na taarifa yake hubeba mambo ya kazi pekee, kama vitisho au kuvujisha siri za mwajiri wa zamani. Mwajiri akiomba nenosiri lako, mkatalie. Jimbo la Maryland lilipiga marufuku jambo hilo mwaka 2012, na majimbo mengine mengi ya Marekani yakafuata.

Sasa yule ambaye jina lake likitafutwa halileti kitu. Patupu penyewe hapana hatia. Hatari iko kwenye majina yanayofanana. Mwajiri akiandika jina lako, Google haimwambii "huyu hayupo". Inamletea aliye karibu zaidi na jina hilo. Kama wajina wako ana kesi ya wizi iliyoandikwa magazetini, habari yake ndiyo itakayosimama badala yako, na hutaulizwa. Ukurasa mmoja tu wa kikazi hupunguza hatari hiyo sana, mradi uwe na jina kama lilivyo kwenye vyeti vyako, picha ya uso, chuo na fani. Huhitaji kuposti chochote humo.

Na faragha je? Asiye na akaunti bado ameandikwa na wenzake. Kila rafiki anayeruhusu programu isome majina na namba kwenye simu yake anaipelekea namba yako, jina analokuitia, na mara nyingine barua pepe yako. Utafiti wa James Bagrow na wenzake wa mwaka 2019, uliochambua watumiaji 13,905 wa Twitter, ulionyesha kwamba takriban asilimia 95 ya kinachoweza kubashiriwa kuhusu maandishi ya mtu kinapatikana kwa kuwasoma walio karibu naye tu, bila kumsoma yeye. Watu 8 au 9 wanatosha. Hili linaniuma kuliko yote katika suala hili, kwani linamaanisha faragha yako iko mikononi mwa watu ambao hawajui hata kwamba wanaishika.

Aliye na akaunti naye asidhani maneno ndiyo pekee yanayomfichua. Mwaka 2015 Wu Youyou, Michal Kosinski na David Stillwell walionyesha kwamba kompyuta yenye "laiki" 10 tu za mtu humkadiria tabia vizuri kuliko mfanyakazi mwenzake. Kwa 70 humshinda rafiki, kwa 150 ndugu wa familia, na kwa 300 inamfikia mume au mke.

Basi kabla ya kutuma maombi, jitafute kama mwajiri atakavyokutafuta. Fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, la sivyo matokeo yatafuata mazoea yako. Andika jina lako ndani ya alama za nukuu, kisha uligeuze, la ukoo likitangulia. Rudia ukiongeza chuo, mji, na cheo. Halafu tafuta namba yako ya simu, barua pepe, na majina ya utani uliyoyatumia ulipokuwa kijana. Haya ya mwisho ndiyo yanayoibua mengi. Usisahau sehemu ya picha.

Kwenye Facebook, picha ya jalada huwa wazi kwa kila mtu hata ukifunga ukurasa wote, hivyo chagua ya kawaida. Katika mipangilio kuna sehemu ya kuwekea mipaka machapisho ya zamani: mara moja yote yaliyokuwa ya hadhara yanakuwa ya marafiki tu. Kinachobaki nje ni maoni uliyoandika kwenye kurasa za wengine. Hayo hufuata mpangilio wa mwenye ukurasa, kwa hiyo tusi uliloandika chini ya habari ya gazeti mwaka 2014 bado liko wazi. Fungua kumbukumbu ya shughuli zako, chuja maoni, yafute moja moja. Inachosha, lakini njia ni hiyo.

Kama unatafuta kazi ukiwa bado kazini, LinkedIn inakuruhusu kuwaonyesha waajiri pekee kwamba uko tayari kuhama, na hujaribu kuwaficha wa kampuni yako. Yenyewe inasema haiwezi kukuhakikishia siri kamili, maana kampuni dada au wakala wa nje anaweza kuiona.

Ukiamua kufuta akaunti, fuata mpangilio. Kwanza badilisha namba ya simu ya zamani, kwa sababu kampuni za simu humpa mtu mwingine laini iliyoachwa, na mwenye laini mpya anaweza kupokea msimbo wa kufungulia akaunti yako. Pakua nakala ya kumbukumbu zako. Ondoa programu nyingine zote unazoziingia kwa kutumia akaunti hiyo. Kisha omba kufuta, si kuizima tu, kwani iliyozimwa inakusubiri na kila kitu kimo. Facebook husubiri siku 30, na ukiingia katika siku hizo ombi hufutika. Kuondoa yote kunaweza kuchukua hadi siku 90 tangu ufutaji uanze. Ujumbe uliowatumia watu hubaki kwenye visanduku vyao. Maelezo ya ukurasa uliokwisha kufutwa yanaweza kuendelea kuonekana kwenye Google kwa muda, na kwa hilo kuna fomu ya Google ya kuomba matokeo yaliyopitwa na wakati yasasishwe: unabandika anwani ya ukurasa, unathibitisha kwamba haupo tena, unatuma.