Ungekubali kukatwa kodi zaidi kwa ajili ya huduma gani?

Juni 2017 serikali ya Norway ilianzisha utaratibu usio wa kawaida: raia yeyote aliyeona kodi anayotozwa ni ndogo aliruhusiwa kuongeza kwa hiari yake. Mwezi wa kwanza zikapatikana kama dola 1,325 za Marekani, katika nchi ya watu zaidi ya milioni tano. Serikali ilikuwa ikilaumiwa na upinzani kwa kupunguza kodi, ikataka kuonyesha kwamba lawama hizo ni za mdomoni tu. Jimbo la Massachusetts, Marekani, nalo limekuwa na kisanduku cha namna hiyo kwenye fomu ya kodi ya mapato. Ukikitia alama, unatozwa asilimia 5.85 badala ya kiwango cha chini wanachotozwa wengine. Wanaokitia alama ni wachache mno.

Wengi wakisikia habari hizi husema, "Mnaona? Hakuna anayependa kodi." Sisi tunaoshughulika na fedha za umma hatuzisomi hivyo. Wanorway hao hao wanalipa kodi ambazo ni miongoni mwa kubwa duniani, na kwa miongo mingi hawajamchagua mtu wa kuzibomoa hospitali na shule zinazoendeshwa na kodi hizo. Walichokataa ni kulipa peke yao. Nikiongeza changu nawe usiongeze chako, hospitali haisogei hata hatua moja, na siku ya kuugua tutapanga foleni moja. Mchumi Paul Samuelson alilieleza tatizo hilo mwaka 1954: huduma ya wote humpa kila mtu sababu ya kungoja mwenzake atangulie kulipa. Mwaka 1988 mwanasayansi wa siasa Margaret Levi aliongeza upande wa pili. Mtu hulipa bila kusukumwa sana anapoamini mambo mawili, kwamba serikali itatimiza ilichoahidi na kwamba wenzake nao wanalipa.

Swali la kichwa cha habari, basi, lina jibu, ila linategemea linavyoulizwa.

Karibu kila linapoulizwa, afya hutajwa mbele. Uingereza imekuwa na utafiti wa maoni ya wananchi tangu 1983 unaouliza kama kodi zipunguzwe, zibaki au ziongezwe, na watu wakitakiwa kutaja huduma ya kupewa fedha kwanza, afya huongoza na elimu huifuata. Mwaka 2002 serikali ya huko ilitangaza kupandisha michango ya bima ya taifa, inayokatwa kwenye mapato ya kazi, kwa pointi moja ya asilimia, ikasema wazi kwamba ni kwa ajili ya hospitali. Makato yakaanza Aprili 2003, na chama kilichoyapandisha kikashinda uchaguzi wa 2005. Hainishangazi. Ugonjwa haupigi hodi, na gharama ya upasuaji mmoja mkubwa inaweza kumaliza akiba ya miaka. Hata mwenye nacho anajua hilo.

Elimu ina udhaifu wake. Mzazi aliyekwisha kumhamishia mtoto shule ya kulipia huanza kujiona analipa mara mbili, na moyo wake kwa shule ya umma hupoa. Wenye sauti wakiondoka, ubora hushuka. Ubora ukishuka, wengine nao huondoka.

Usafiri wa umma hupata kura pale ramani ya njia inapowekwa mezani. Novemba 2016 wapiga kura wa kaunti ya Los Angeles waliombwa kukubali nusu senti zaidi kwa kila dola ya manunuzi, kwa ajili ya reli, mabasi na barabara. Sheria ilidai theluthi mbili ya kura. Wakapata kama asilimia 71.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Uswisi. Mwaka 2009 wananchi walikubali kwa kura kupandisha kodi ya ongezeko la thamani ili kuokoa bima ya watu wenye ulemavu iliyokuwa na madeni, kwa muda maalumu. Kiwango kikapanda kutoka asilimia 7.6 hadi 8.0 mwaka 2011. Muda ulipokwisha, mwaka 2018, kikashuka hadi 7.7. (Ile 0.1 iliyobaki ilikwenda kwenye reli, nayo ilikuwa imepigiwa kura.) Kodi iliyopanda kwa muda na kushuka kweli ni kitu adimu, na mlipa kodi aliyeishuhudia atakuwa mwepesi kusikiliza ombi lijalo.

Kutenga kodi kwa huduma moja, hata hivyo, si kinga kamili. Kwa sheria ya 2003 Ghana iliweka tozo ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma kugharimia bima ya afya. Mwaka 2017 sheria nyingine ikaweka ukomo kwa jumla ya fedha zinazokwenda kwenye mifuko maalumu ya namna hiyo, ili hazina ipate nafasi ya kupumua. Hazina ina hoja yake: kila shilingi ikifungiwa kwenye mfuko wake, dharura ikija hakuna cha kuchota. Lakini aliyeambiwa tozo ni ya bima atauliza inakwenda wapi. Upo na ujanja wa kimyakimya zaidi. Mfuko ukipokea kumi mpya, bajeti ya kawaida inaweza kupunguzia huduma hiyo hiyo kumi za zamani, na mgonjwa asione tofauti yoyote. Kwa hiyo unapoambiwa kodi mpya ni ya hospitali, tafuta kwenye kitabu cha bajeti jumla ya fedha za hospitali mwaka jana na mwaka huu. Mapato ya tozo peke yake hayakuambii kitu.

Halafu kuna huduma zisizo na mtetezi. Sijawahi kumsikia mtu akisema yuko tayari kukatwa zaidi kwa ajili ya takwimu, ukaguzi wa hesabu, kumbukumbu za ardhi, au ukarabati wa mabomba ya maji yaliyofukiwa chini. Bomba jipya lina utepe wa kukatwa na picha ya kupigwa. Bomba lililozibwa kabla halijapasuka halina hata shahidi. Huduma za aina hii zikiachiwa zitegemee kodi zilizotengwa kwa ridhaa ya umma zitakufa njaa, na pengo lao litaonekana kwingine, kwenye wodi ya wagonjwa wa kipindupindu, ambayo kila mtu yuko tayari kuilipia.